Podikasti si redio iliyobadilishwa jina

Ndugu, umeuliza kama podikasti inafundisha kweli au ni redio tu yenye jina jipya. Tofauti ni kwamba msikilizaji ndiye anayeshika usukani, kwa sababu kipindi cha podikasti, neno lililoanza kutumika mwaka 2004, hupakuliwa na kuhifadhiwa kwenye simu, kisha husikilizwa, husimamishwa na kurudiwa wakati wowote. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni hurudi nyuma sekunde 15, akaitamka tena sentensi ileile mpaka ulimi uizoee. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayejifunza zaidi ni yule anayerekodi, kwa kuwa hawezi kueleza kwa dakika 10 jambo asilolielewa. Mpe mwanafunzi simu na chumba tulivu, umwone anavyoandika upya maelezo yake.