Maharagi ndiyo yanayomaliza gunia la makala

Gunia la makala (makaa ya kupikia) halifiki mwisho wa mwezi. Nianze kubana wapi, kwenye ampuli (taa za umeme)? (Mama wa Ndosho)

Ampuli ziache kwanza, mama. Tazama sufuria ya maharagi. Kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni, maana tanuru ya udongo hugeuza sehemu kubwa ya mti kuwa moshi. Na makala mengi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hutoka kwenye miti ya hifadhi ya Virunga. Unachookoa jikoni ni msitu unaobaki umesimama.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharagi huchelewa kuiva. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 20 yakiwa na mfuniko. Papo hapo ingiza sufuria katika kikapu kilichojaa nguo kuukuu, funika kwa blanketi, acha saa 3 au 4. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo utie nyanya. Zikitangulia, ganda hukaza. Dakika zile 20 usizipunguze: maharagi mekundu mabichi yana sumu inayokufa kwa mchemko, na joto la kikapu peke yake haliiwezi. Ukikuta yamepoa upesi, huenda sufuria ilikuwa nusu tupu. Ijaze robo tatu.

Mbabula yangu (jiko la makala) yenye udongo ndani imepasuka baada ya miezi miwili. Ni mbovu? (Majengo)

Kinachoipasua mara nyingi ni maji: udongo wenye moto ukimwagiwa maji hupasuka. Ukimaliza kupika, toa makala kwa koleo, yatie katika kopo la bati lenye mfuniko. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatawaka tena. Ufa mdogo uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na jivu, ukauke kivulini siku 3.

Kung'uta jivu kila siku pia. Tundu zikiziba, moto hulala, na mpishi huongeza makala yasiyohitajika. Sufuria ikishachemka, funga mlango wa hewa, bakiza upenyo wa kidole.

Tumepata umeme wa kashipawa (wa kulipia kabla ya kutumia). Resho, jiko la umeme la sahani, inafaa kwa maharagi? (Himbi)

Resho ya wati 1,500 ikiwaka saa 2 inakula uniti (kilowati-saa) 3. Sufuria ya umeme ya mgandamizo, ya wati 1,000, huivisha maharagi yaliyolowekwa kwa chini ya saa moja na hutumia takriban nusu uniti, kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe. Mvuke uliofungiwa hupanda juu ya nyuzi 110, basi mwinuko wa Goma hauisumbui. Na umeme wa maji, kama wa Matebe kwenye mto Rutshuru, haukati mti. Usitumie ralonji (waya wa kurefushia umeme) nyembamba: ikipata moto ukiishika, tafuta yenye waya wa unene wa milimita za mraba 2.5.

Na ampuli? (Katindo)

Ya zamani ya wati 60, saa 5 kwa siku, ni uniti 9 kwa mwezi. Ya ledi ya wati 8 ni 1.2.

Usiku wa baridi, naweza kulala na mbabula chumbani? (Birere)

Hapana, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makala yanayofifia hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Yafungie kwenye kopo, kopo lilale nje.