Makalasinga wa huku nao huulizana ukoo

Mpwa wangu anaendesha lori kati ya Mombasa na Nairobi, na husimama Makindu kwenye hekalu la Makalasinga, akala dengu na chapati bila kulipa hata senti. Juzi nilimtumia picha za mahekalu mawili ya Kalasinga yaliyo karibu karibu katika mji ninaoishi hapa Uingereza. Akaniuliza: “Mjomba, hao nao wana ukabila? Mbona Makindu hawamuulizi mtu yeye ni nani?”

Wanao, mwanangu. Hata mimi nilikuja huku nikiamini kama unavyoamini. Makindu ilijengwa 1926 na watu wa reli, na Makalasinga wengi wa reli walikuwa maseremala na wahunzi, watu wa tabaka moja la mafundi, la kurithi kwa kuzaliwa, liitwalo Ramgarhia. Ndiyo maana sisi tukawaona kitu kimoja. Huku wapo pia Jat, wenye mashamba, na wapo ambao mababu zao kule Punjab, India, walizoa kinyesi na kuchuna ngozi. Mlango wa hekalu uko wazi kwa wote, na wote hukaa sakafuni wakala pamoja, hilo ni kweli. Tatizo huanza wakishavaa viatu.

Rafiki yangu wa kazini ni Mazhabi. Neno hilo ni ndugu wa madhehebu yetu. Maana yake mtu wa dini. Wazee wake ni wafagiaji walioingia dini ya Sikh, ndiyo hiyo ya Makalasinga. Mmoja wao, Bhai Jaita, ndiye aliyekibeba kichwa cha Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa dini hiyo, kutoka Delhi hadi Anandpur mwaka 1675, baada ya Guru kuuawa kwa amri ya mfalme. Mwana wa Guru huyo, Guru Gobind Singh, alimkumbatia Jaita, na mwaka 1699 akawapa wanaume waliokula kiapo jina moja, Singh, ili la ukoo life. Halikufa. Viko vijiji Punjab ambako mpaka leo Mazhabi huchoma maiti wao mahali pao peke yao.

Sheria ya India inawatambua. Katiba ya 1950 ilikataza kumtenga mtu kama najisi, na amri ya mwaka huo ikaorodhesha matabaka ya kutengewa nafasi za kazi na masomo. Orodha ilikuwa ya wafuasi wa dini ya Kihindu tu, isipokuwa matabaka manne ya Sikh wa Punjab, Mazhabi wakiwamo. Mwaka 1956 ndipo mlango ukafunguliwa kwa Sikh wengine. Katika sensa ya 2011, watu wa orodha hiyo walikuwa karibu 32 katika kila 100 Punjab, sehemu kubwa kuliko jimbo lolote.

Huku je? Hapa ndipo panaponiuma. Msimamizi mpya, mtu wa Punjab pia, alimuuliza rafiki yangu: Singh wa kijiji gani? Baba yako alikuwa na ekari ngapi? Maswali mawili tu, akamjua. Waliokuwa wakichovya naye bakuli moja wakahamia meza nyingine, na zamu za usiku zikawa zake. Alipokwenda kulalamika, aliyempokea alimuuliza tabaka ni nini. Kwenye fomu kulikuwa na rangi, dini na jinsia.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 iliiachia serikali hiari ya kulitaja tabaka. Bunge likaifanya lazima 2013. Mwaka 2018 serikali ikasema hukumu za mahakama zatosha, kwa kuwa kesi ya 2014 ilionyesha tabaka laweza kuhesabiwa ndani ya asili ya kikabila. Mtu wa zamu za usiku atamlipa nini wakili wa kumfikisha huko? Rafiki yangu aliacha kazi.

Sisi wa Pwani tunalijua swali la “wewe wa nani?”, na tunajua linavyomkata aliye na babu aliyeuzwa. Nyote niliowaambia kwamba Ulaya hakuna anayejali wewe mtoto wa nani, nisameheni, sikujua.

Rafiki yangu sasa yuko kazi nyingine. Akiulizwa kijiji chao, hujibu Jalandhar, mji mkubwa, kisha hubadilisha mazungumzo.