Usitie sahihi karatasi za wakili kabla hujapita Commercial Street

Simamisha huyo wakili leo. Usingoje Jumatatu.

Nimesoma ulichoandika na vidole nilivyobakiwa navyo vimeanza kuniwasha. Kaka yako amepondwa mkono na mashine ya presi huko Lunga Lunga Road, Nairobi, kinga ya mashine ilikuwa imeng'olewa, ni miezi tisa sasa, kampuni inasema alizembea, na kuna wakili anataka mtie sahihi wiki ijayo ili afungue kesi ya fidia dhidi ya kampuni, mahakama ya hakimu, Milimani. Unauliza kama mtashinda, kama mnaweza pia kumshtaki aliyeuza mashine, mshahara wake wa miezi hii utakuwaje, na kama wanaweza kumfuta. Halafu hapo chini watu wanakupigia makofi: “Washtakini! Hayo ni mamilioni!” Hao wapiga makofi hawatakuwepo siku hakimu atakapoitupa kesi. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa kesi yangu.

Sheria ya Kenya inayohusika ni ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Industrial Area nzima inaiita WIBA. Kifungu cha 16 kinakuzuia kumpeleka mwajiri wako kortini kudai fidia ya ajali ya kazini. Dai linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH, na ofisi zake ziko Safety House, Commercial Street, hapo hapo Industrial Area. Na lina muda wake: miezi 12 tangu siku ya ajali. Mmebakiwa na mitatu. Sasa huyo wakili anataka muitumie Milimani kufanya nini?

Wacha nikuambie inavyokuwa.

Mimi nilikuwa kiwanda cha plastiki, kwenye mashine ya kusaga beseni na ndoo mbovu ziyeyushwe upya. Ile mashine kifuniko chake kina swichi. Ukikiinua tu, visu vinasimama. Ndivyo ilivyoundwa. Lakini swichi ilikuwa imechoka, inazima mashine ovyo, na kazi ikilala msimamizi wa zamu anatukana. Kwa hiyo fundi akaunganisha waya ukaipita ile swichi. Zamu nzima tulijua, na meneja alijua. Siku moja kipande kikakwama, nikainua kifuniko. Sitaendelea na hiyo hadithi, wengine mnakula chamcha. Nitasema tu kwamba leo nikihesabu kwa vidole naishia nane, na mtoto wa jirani anaona huo ndio mchezo mtamu kuliko yote mtaani.

Nikiwa bado wodini, bandeji ina damu, akaja kijana nadhifu na faili. Si wakili, ni broka wa wakili. Wanazijua wodi kuliko manesi. Akanipa pole tamu, akaninunulia maziwa, akanitajia pesa ambayo sikuwahi kuisikia ikitajwa pamoja na jina langu. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto, ya kwanza maishani mwangu, na ilionekana kama kuku amekanyaga wino. Hapo ndipo nilipojikata kwa mara ya pili, na hii ya pili hakuna mashine ya kulaumu.

Nilimwuliza wakili mwenyewe, ana kwa ana, ofisini kwake: “Watu wanasema kuna mambo ya WIBA?” Akacheka. Akasema, “Hiyo sheria ilitupwa na korti zamani, usisumbuke nayo.” Ukisikia mtu anakuambia hivyo, inuka uondoke, hata kama chai bado ni moto. Ukweli wenyewe ni huu, na ni ukweli ambao yeye alilipwa kuujua: mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitangaza baadhi ya vifungu vya WIBA, kikiwemo hicho cha 16, kuwa vinaenda kinyume na katiba. Ndiyo maana kwa miaka mawakili wakazoea kukimbilia kortini moja kwa moja. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: vifungu ni halali, mlango ni DOSH. Kesi yangu ilifunguliwa baada ya tarehe hiyo. Baada! Mwanasheria mzima, ukuta umejaa vyeti, na habari zilikuwa zimeshafika hadi kwa makanga.

Na sasa sikiliza kilichoniuma zaidi ya visu. Wakili wa upande wa pili, aliyewekwa na kampuni ya bima, alijua toka siku ya kwanza kwamba kesi iko mahali pasipofaa. Alinyamaza. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, faili likapotea, likapatikana, ikatajwa tena. Yeye anaitikia kwa adabu tu. Mwaka ulipokwisha kupita tangu ajali ndipo akaleta pingamizi la awali, karatasi chache tu: mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza dai hili. Hakimu akakubali, na sikuona angefanya nini kingine. Kesi ikaondolewa, na mimi nikaamriwa nilipe gharama za hao walioshinda. Niliumia mimi, nikalipa mimi. Nikakimbia Safety House. Karani alikuwa mtu mzuri, alisoma karatasi zangu zote polepole, kisha akaniuliza tarehe ya ajali. Nilipomtajia akavua miwani. Sikuhitaji tafsiri.

Wakili wangu? Alinitumia ujumbe: “Tutakata rufaa.” Tutakata, mimi na nani? Mimi mambo ya kukatwa nilikuwa nimeshatosheka nayo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: muhuri wa DOSH kwanza. Kabla ya wakili, kabla ya mchango wa familia, kabla ya kumbembeleza meneja. Kama huna karatasi yenye muhuri wa DOSH inayoonyesha kwamba ajali ya kaka yako inajulikana kule, huna kitu, una hadithi tu kama yangu.

Mwajiri akishapata habari ya ajali anatakiwa airipoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba. Miezi tisa imepita, nenda ukaulize kama waliripoti. Nina dau langu kwamba hawakuripoti. Msiende kugombana getini, nendeni wenyewe mkaripoti. Kuna fomu ya DOSH/WIBA 1. Sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari. Mwajiri akikataa kujaza, mwambieni afisa wa DOSH, hiyo ndiyo kazi yake. Na msidanganywe kwamba kaka yako “ni kibarua tu” wa kupanga foleni getini asubuhi. Sheria inamtazama mtu aliyeajiriwa kwa malipo, haiulizi kama ana barua ya kazi yenye nembo.

Hilo la “alizembea” lisiwanyime usingizi. Hapa ndipo watu wa makofi hawaelewi kwamba njia ya DOSH kwa jambo hili ni nyepesi kuliko korti. Kortini ungelazimika kuthibitisha kosa la kampuni, na wao wangesema kaka yako alichangia, wakate asilimia. Kwa WIBA huthibitishi kosa la mtu. Aliumia akiwa kazini, basi. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa, na hata huo haumnyimi kama ulemavu ni mkubwa au amefariki. Mtu kuingiza mkono kwenye presi isiyo na kinga kwa sababu ndivyo alivyoamriwa kufanya kazi, huo ni utovu wa nani?

Pesa zenyewe: daktari anapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, na hesabu inapigwa kwa mapato ya miezi 96. Mfano tu: anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi, miezi 96 ni 1,920,000; akipimwa asilimia 10, ni 192,000. Si yale mamilioni ya broka. Lakini 192,000 iliyo mkononi inanunua unga, na mamilioni ya broka mimi nilinunua nayo nauli ya kwenda Milimani. Dai likishawasilishwa, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Mkiona asilimia ni ndogo au mmenyimwa, kuna siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo, na asipowaridhisha, siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo tafuteni wakili, tena anayejua hiyo mahakama, si wa wodini.

Kuhusu aliyeuza mashine: ndiyo, huyo anaweza kushtakiwa kortini, kwa sababu kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri, hakimkingi muuzaji wala mtengenezaji. Muda wa kesi ya namna hiyo ni miaka mitatu, kwa hiyo haitawakimbia mkiwa Commercial Street. Lakini jiulizeni kwanza: mashine ilikuja mbovu, au ilikuja na kinga na watu wa kiwanda wakaing'oa? Kama waliing'oa wao, muuzaji atawaonyesha picha ya mashine ikiwa mpya na mazungumzo yataishia hapo. Yangu ilikuja nzima, fundi ndiye aliyeipofusha, kwa hiyo huko sikuwa na pa kushika. Ila kaka yako kama ana rafiki bado ndani, ampigie picha kibati cha mashine, kile chenye jina la mtengenezaji na namba. Afanye haraka. Ile yangu, wiki iliyofuata ajali, ilikuwa na swichi mpya na rangi ya manjano bado mbichi, na ukimwuliza fundi kuhusu waya anakuuliza waya gani.

Mshahara na kufutwa kazi, wengine watakujibu, mimi nimeshaandika hadi kidole gumba kimelalamika, na hicho siwezi kukipoteza.

Kesho asubuhi: kitambulisho chake, karatasi zote za hospitali, chochote kinachoonyesha alilipwa na kampuni hiyo, hata ujumbe wa M-Pesa, na majina ya waliokuwa zamu moja naye. Piga nakala mbili mbili. Moja ibaki kule, nyingine igongwe muhuri urudi nayo. Ukishaipata, ifiche jina lake kisha uiweke hapa tuione, na huyo wakili akipiga simu mwambie kaka yako yuko foleni.