Unaanza kusoma mzio wa njia za hewa? Uliza saa ngapi, na wapi

Wanafunzi wengi wanaojiunga na maabara za kinga ya mwili huja na jedwali kichwani. Upande wa kushoto majina ya seli, upande wa kulia kazi zake: seli masti hutoa histamini, esinofili huharibu tishu, Th2 (aina ya seli T saidizi) hutoa IL-4, IL-5 na IL-13, protini ambazo seli hutumia kupashana habari. Jedwali lenyewe si baya. Shida yake ni kwamba halina saa wala mahali. Mwulize mwenye jedwali hilo: mtu mwenye mzio wa chavua akiivuta saa mbili asubuhi, nani yuko kazini saa mbili na robo, na nani atakuwa kazini saa nane mchana? Hapo ndipo wengi hukwama, na ndipo ningependa uanzie.

Kabla ya seli yoyote nyeupe, usome kwanza utando wa epithelia unaofunika njia za hewa. Vitabu huupitia haraka kana kwamba ni plasta tu ya ukuta, kumbe ndio unaopiga mbiu. Chukua utitiri wa vumbi. Kinyesi chake kina protini iitwayo Der p 1, ambayo ni kimeng'enya kinachokata protini nyingine, zikiwemo zile zinazofunga seli za epithelia pamoja. Protini yake nyingine, Der p 2, inafanana kwa umbo na MD-2, msaidizi wa TLR4, kipokezi kinachotambua bakteria, kwa hiyo inaweza kuwasha njia ileile inayowashwa na bakteria. Utando ukisumbuliwa hivyo hutoa protini za ishara ziitwazo TSLP, IL-25 na IL-33. Hii IL-33 huwa imekwisha kuhifadhiwa ndani ya kiini cha seli, hivyo seli ikiumia inamwagika papo hapo.

Wanaoitika upesi ni ILC2, seli za jamii ya limfosaiti zisizo na kipokezi cha kutambua antijeni. Hazijui kama kilichoingia ni chavua au mba wa paka. Zinasikia mbiu tu, kisha zinatoa IL-5 na IL-13 kwa wingi. Zilielezwa waziwazi mwaka 2010, kwa hiyo ukirithi kitabu cha zamani kutoka kwa waliokutangulia, tazama mwaka wa kuchapwa kabla ya kukiamini.

Sasa tenganisha mkutano wa kwanza na kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, na mikutano inayofuata. Kuchanganya viwili hivi ndiko huzaa majibu mengi mabovu kwenye mitihani. Mara ya kwanza seli dendriti hukamata vipande vya kizio na kuvipeleka kwenye tezi za limfu. Huko seli T hugeuka kuwa Th2, na kwa msaada wa IL-4 seli B zinaanza kutengeneza IgE, kingamwili ya mzio. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mwenye mwili hahisi chochote. Hapigi chafya wala hakohoi. Amehamasishwa tu, na wapo watu wenye IgE dhidi ya kizio fulani ambao hawapati dalili zake kamwe. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba mtu ana mzio kwa sababu ya namba ya IgE peke yake.

IgE yenyewe inafundisha somo la mahali. Katika damu, nusu yake hutoweka kwa takriban siku mbili, lakini ikishika kwenye vipokezi vya seli masti ndani ya tishu hudumu wiki kadhaa. Jambo hili lilionekana kabla kingamwili hiyo haijapewa jina. Mwaka 1921 daktari Prausnitz alijidunga ngozini maji ya damu ya mwenzake Küstner, aliyekuwa na mzio wa samaki. Baadaye alidunga kimiminika cha samaki mahali palepale, na ngozi ikavimba. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1966 na 1967 ndipo akina Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, walipoitambua IgE. Kuna majaribio machache ya zamani ninayoyapenda kama lile la 1921, ingawa leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha.

Turudi kwenye saa. Kwa aliyekwisha kuhamasishwa, kizio hufunga pamoja IgE zilizokaa juu ya seli masti, na ndani ya dakika chache chembechembe zao zinamwaga histamini na triptase, kisha hufuata kemikali nyingine, lukotrini na prostaglandini D2. Misuli ya njia za hewa hubana, mishipa huvuja, ute huongezeka. Ndiyo saa mbili na robo yako. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya saa moja au mbili. Kwa baadhi ya watu, si wote, njia hubana tena baada ya muda wa saa tatu hadi nane hivi tangu kizio kuvutwa, na safari hii esinofili na seli Th2 zimekwisha kuwasili. Awamu hizi mbili hata dawa huzitofautisha: salbutamoli hufungua mbano wa awali, ilhali dozi moja ya steroidi ya kuvuta ikitangulia kizio hupunguza awamu ya pili na kuiacha ya kwanza karibu kama ilivyo. Ukichukua sampuli baada ya nusu saa, usikute esinofili, ukaandika kwamba mwili haukuitika, umekosea saa, hukukosea seli.

Kwenye benchi, mahali ndipo panaposumbua zaidi. Maji yaliyosafishia mapafu yanakueleza yaliyomo ndani ya njia, si yaliyomo kwenye tishu, na damu ni habari nyingine kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli nyingi katika maji hayo ni makrofaji, seli zinazomeza vijidudu na uchafu, na esinofili hazifiki asilimia 1. Ukifanya kazi na panya wa maabara, jihadhari na Siglec-F, protini ya juu ya seli inayotumika kama alama ya kuzitambua: iko juu ya esinofili na vilevile juu ya makrofaji wa vifuko vya hewa. Ongeza alama ya CD11c, ambayo makrofaji hao wanayo kwa wingi, na uweke sampuli isiyotiwa rangi kwa sababu wanang'aa wenyewe. Ukitaka kujua seli ipi ilikuwa kwenye tishu na ipi ilikuwa bado ndani ya mshipa, dunga kingamwili yenye rangi dhidi ya CD45, alama ya seli nyeupe, kwenye damu dakika chache kabla ya kuchukua pafu. Zilizoshika rangi zilikuwa kwenye damu.

Pima pia endotoksini, sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria, katika kizio chako, hata kama muuzaji anasema ni safi. Katika panya, kiasi kidogo chake kiliusukuma mwitiko upande wa Th2, na kiasi kikubwa kikausukuma upande wa Th1, aina nyingine ya seli T saidizi. Chupa mbili za kizio kilekile zinaweza kukupa magonjwa mawili.

Mfano wa mwisho ni mepolizumabu, dawa inayozuia IL-5. Majaribio ya awali kwa wagonjwa wa pumu ambao hawakuchaguliwa kwa esinofili yalikatisha tamaa. Mwaka 2009, ilipojaribiwa kwa wale waliokuwa na esinofili nyingi kwenye kohozi licha ya kutumia steroidi, mashambulizi yalipungua. Hata hivyo, wepesi wa njia zao kubana haukubadilika sana, maana kazi hiyo haiko mikononi mwa esinofili peke yao: IL-13 hugusa misuli na seli za ute moja kwa moja. Tezepelumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, inazuia TSLP, kule juu kwenye epithelia, na imepunguza mashambulizi hata kwa baadhi ya wagonjwa wenye esinofili chache.