Mgongo wa mezani, na pa kuanzia na hifadhi huria ya data

Ndugu yangu, umeuliza mawili: mgongo unaokakamaa kwa kukaa mezani saa tisa kila siku, na pa kuanzia kujifunza hifadhi ya data kwa programu huria. Mimi nayafanya yote kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na pia kupunguza muda wa kukaa. Kwa hiyo usingoje jioni. Simama kila nusu saa, simu zipokee ukitembea.

Kuhusu hifadhi, Ceph iache kwanza. Ni mfumo huria mzuri mno wa kuhifadhi data, ila unataka mashine kadhaa. Tafuta kompyuta moja ya zamani, diski mbili zinazolingana, na ZFS, mfumo huria wa kupanga na kulinda faili kwenye diski, uziunge kama kioo (mirror), yaani kila diski ibebe data ileile. Nakili faili, zima mashine, chomoa diski moja, washa tena. Andika zpool status, amri ya kuonyesha hali ya diski, utaona neno DEGRADED, yaani kuna diski inayokosekana, na bado picha zako zote zinafunguka! Mimi hapo ndipo nilipoelewa kweli.

Irudishe diski, kisha andika zpool scrub na jina ulilolipa kundi la diski zako. ZFS itasoma data yote na kuihakiki. Ikikuta palipoharibika, itaparekebisha kutoka diski ya pili. Data ikiwa nyingi huchukua saa nyingi, basi usiikodolee macho. Inuka, panda ngazi, nyoosha mabega, ukirudi andika zpool status.

Ila tafadhali, kioo si nakala rudufu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje.