Mwasho wa usiku kwa mgonjwa wa figo

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana ugonjwa sugu wa figo. Vipimo vinaonyesha zimebaki na uwezo wa asilimia 18, na bado hajaanza kusafishwa damu. Usiku hujikuna mpaka anachubuka. Dawa za mzio hazijamsaidia. Alipewa vidonge vya kalsiamu, humeza akienda kulala. Miguu imevimba, na watu wanatuambia anywe maji mengi figo zisafishike. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Nianze na hivyo vidonge. Kama alipewa kwa ajili ya fosfeti, madini ya kwenye chakula ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, basi anavimeza wakati usiofaa. Kazi yake ni kuinasa fosfeti ya chakula ikiwa bado tumboni, itoke na choo badala ya kuingia kwenye damu. Akimeza saa kadhaa baada ya kula, hakuna cha kunasa. Ameze pamoja na mlo, dozi ileile. Ila muulizeni kwanza aliyeviandika, maana kalsiamu hutolewa kwa sababu nyingine pia.

Fosfeti iliyozidi huchangia mwasho, lakini haiko peke yake: kuna taka zinazobaki kwenye damu, na kuna ngozi kavu. Mzio haumo, ndiyo maana dawa zake zinamletea usingizi tu. Aoge maji ya uvuguvugu, aache sabuni za manukato, apakwe mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, na kucha ziwe fupi. Asipopata nafuu, daktari anaweza kumwandikia gabapentini, dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, kwa dozi ndogo sana. Msijinunulie: dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, na dozi ya kawaida itamlewesha.

Maji mengi, hapana. Miguu kuvimba ni dalili kwamba maji na chumvi vimeshajaa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Chumvi mbadala msiiguse. Nyingi ni za potasiamu, na potasiamu ikipanda huvuruga mapigo ya moyo. Mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji, mjulisheni daktari wake.

Hukutaja maumivu, lakini wagonjwa wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni kimyakimya, na zote mbili huumiza figo. Akikosa pumzi alalapo chali, akilegea misuli ghafla au akianza kuchanganyikiwa, msingoje kuche.