Kidonda kimepona, mbona kidole hakikunji?

*Mimi ni fundi wa paa, Morogoro. Bati lilinikata kiganjani, nikashonwa zahanati. Siku ya tano leo, kidonda kinakauka vizuri ila ncha ya kidole cha pete haikunji. Nisubiri?*

Pole sana fundi, lakini usisubiri hata kesho. Nyuzi zimefunga ngozi tu; chini yake huenda kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, imekatika. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunjia: moja hukunja kiungo cha kati, nyingine hufika hadi ncha. Ndiyo maana mtu hukunja kidole nusu akaambiwa yuko salama. Kano iliyokatika huvutwa na msuli kurudi nyuma na kusinyaa. Ikiunganishwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, matumaini ni makubwa. Ukichelewa sana, huenda ukahitaji kupandikizwa kano nyingine, pengine kwa operesheni mbili. Nenda hospitali ya rufaa leo.

*Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Nipimeje mkono uliokatwa?*

Swali hili limenifurahisha, maana vidole vingi huokolewa au hupotea hapo kwako. Pima kabla ya ganzi. Neva hupita ubavuni mwa kano na mara nyingi hukatwa pamoja nayo; ukishachoma ganzi, hisia huwezi kuzipima tena.

Laza mkono mezani, kiganja juu. Vidole vizima hujikunja vyenyewe kidogo. Kimoja kikilala kimenyooka, kitilie shaka. Kwa mtoto anayelia, kutazama huko kunakusaidia kuliko maswali. Kisha shika kiungo cha kati kikiwa kimenyooka, mwambie akunje ncha. Halafu shikilia vidole vingine vyote vimenyooka, akunje kimoja kilichobaki. Linganisha na mkono mzima, hasa kidole cha mwisho, kwani kwa baadhi ya watu hakikunji peke yake hata kikiwa salama. Akikunja lakini anaumia ukimzuia kidogo, huenda kano imekatika nusu, usimlazimishe.

Usichokonoe kidonda kutafuta kano. Osha vizuri, funika, mpe kinga ya pepopunda, funga banzi (kigumu cha kuzuia mkono usisogee), andika rufaa.

*Mpira umenipiga ncha ya kidole, imeinama na hainyooki.*

Piga eksirei kwanza. Kama mfupa hauna tatizo kubwa, banzi hunyoosha ncha tu kwa wiki 6 hadi 8, usiku na mchana. Hata unapolivua kuosha, laza ncha imenyooka juu ya meza. Ikiinama mara moja, hesabu inaanza upya.

*Nimeunganishwa kano. Daktari kasema nisitumie mkono, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) ananiambia nikunje vidole. Nimsikilize nani?*

Wote wawili. Kano isiyosogezwa hugandana na nyama zilizo jirani, kidole kikakakamaa. Ikivutwa kwa nguvu hukatika tena. Kwa hiyo fanya mazoezi uliyoelekezwa ukiwa ndani ya banzi, basi. Ndoo, jembe na kukamua nguo vingoje kama wiki 12, na fizio ndiye akuruhusu.